Sare Iliyolala Migosi

Mwanangu Okoth,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na najua hutarudi mapema kwa sababu kila mlango utakaopita watataka ukae kidogo, unywe kitu. Mimi nimezima jiko na kunawa mikono kwa sabuni na ndimu, na bado karatasi hii itanukia mafuta ya samaki. Unisamehe. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nikiandika Dholuo nitalia kabla ya mstari wa tatu, na nikijaribu Kiingereza utacheka mpaka ukose usingizi. Kiswahili kitatuvumilia sote wawili.

Sitakuambia habari za blanketi, wala soksi, wala kula mboga. Shangazi yako Beti amekuambia yote hayo, akayarudia, na kesho asubuhi atayarudia tena kwa simu. Mimi nina jambo moja tu, na jambo hilo limenikaa kooni tangu juzi.

Juzi jioni ulikuwa umesimama nje karibu na kamba ya nguo, ukiongea kwa simu na yule kijana mtakayekaa naye chumba kimoja huko chuoni Eldoret. Nilikuwa nageuza samaki kwenye karai. Sikuwa nakuchunguza, lakini nyumba zetu unazijua: mtu akipiga chafya huku, jirani anamwambia pole kule. Nadhani alikuuliza unatoka sehemu gani ya Kisumu, maana uligeuka ukaipa nyumba mgongo. Kisha ukasema, "Mimi ni wa Migosi, buda. Migosi tu hapa." Halafu tulipokuwa tunakula, ukaniambia bila kunitazama kwamba nisijisumbue kukusindikiza. Safari ni ndefu, ukasema, mgongo wangu unauma, utafika tu peke yako.

Nilikuongezea ugali. Pengine ulidhani nimekubali, pengine ulidhani nimekasirika. Niliumia, Okoth, sitakuficha. Lakini ningekukasirikiaje, wakati sisi ni wa Obunga na maneno hayo ya Migosi nilikufundisha mimi mwenyewe kabla hujamaliza kung'oa meno ya utoto? Hilo ndilo nataka tulizungumze, kwa sababu tumeishi nalo chumba kimoja miaka hii yote na hakuna aliyelitaja.

Acha nianzie mbali kidogo. Unajua nilizaliwa Luanda Kotieno, lakini sijawahi kukueleza vizuri jinsi kazi ilivyokuwa pale. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Mashua zilipofika ufukweni na mbuta wakubwa, wengine wanene kuliko mimi, lori la barafu lilikuwa tayari limesimama, na mwenye lori ndiye aliyetaja bei. Ungefanya nini? Jua linawaka na samaki hangoji mtu. Kwetu hakukuwa na chumba cha baridi wala mashine ya barafu, na umeme wenyewe tuliusikia kwa wengine. Wanawake wa pale walikuwa na msemo wao, asiye na barafu hana bei, na waliusema wakicheka huku wakipokea walichopewa. Nami nilicheka pamoja nao.

Shule yetu ilikuwa vivyo hivyo. Mwalimu wa sayansi alituchorea darubini ya kuonea vijidudu ubaoni kwa chaki, vizuri sana, akatuonyesha kioo kiko wapi na jicho linawekwa wapi. Katika mtihani nilipata alama nzuri kwa kuchora darubini. Kuangalia ndani yake sijawahi mpaka leo. Sikulalamika, maana sikujua kuna mahali watoto wanaangalia.

Nilipoolewa na baba yako tukaja Kisumu, na alipofariki ukiwa bado unabebwa mgongoni, nikaingia kazi ya hapa Obunga. Ndipo nikakutana tena na wale mbuta wa kwetu. Walikuwa wamepita viwandani, nyama imetolewa na kupelekwa ng'ambo, na kilichobaki, kichwa na mifupa, kikaletwa kwetu tukikaange. Ndio huo tunaouita mgongo wazi. Siku ya kwanza nilipoona gunia linafunguliwa nilicheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza nacheka nini, nikasema nimewaona watu wa nyumbani.

Usinielewe vibaya. Mgongo wazi umekulea, na sitaki kusikia mtu akiudharau. Kosa langu halikuwa kuukaanga. Kosa langu ni kwamba polepole niliamini kila kitu hufika kwetu hivyo, nyama ikiwa imeshatolewa. Shule inafika bila vitabu, zahanati inafika bila dawa, bomba linapita chini ya miguu yetu na maji tunanunua kwa mkokoteni. Nikaona ndivyo ilivyo. Na nikajiambia kwamba mtu wa kwetu akitaka nyama, dawa ni moja: ajifanye mtu wa mahali pengine.

Ulianzia ile shule ya mabati hapa nyuma. Sijui kama unakumbuka kitabu kimoja mlivyokishika watoto wanne kuzunguka meza, na wewe kwa kuwa mdogo ulipewa upande wa pili. Ulijua kusoma maneno yakiwa kichwa chini kabla hujajua kuyasoma yakiwa sawa. Jioni ulikuwa unaligeuza gazeti la kufungia samaki ndipo usome. Majirani walikuja kutazama, wakashika mbavu. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda kumwona shangazi yako.

Shule ya Migosi ilikuwa na madawati, ilikuwa na vyoo, ilikuwa na kabati la vitabu. Kutoka hapa ni kuvuka barabara ya Kakamega tu, mbuzi wetu walikuwa wanavuka kila siku bila kuulizwa. Lakini nafasi zilikuwa chache na watoto wa karibu ndio waliochukuliwa kwanza, kwa hiyo shangazi Beti akakuandikisha kama mtoto wake. Alifanya kwa upendo, na wazazi wengi wamefanya hivyo. Hapo bado sioni kosa.

Kosa ni yale niliyoyaongeza mimi. Niliogopa harufu. Niliona ukikaa darasani na nguo zilizokaa chumba kimoja na karai langu, watajua. Basi sare yako ikawa inalala Migosi na wewe unalala Obunga. Unakumbuka? Kila asubuhi ulivuka barabara na kaptura ya nyumbani, ukaingia kwa shangazi, ukaoga tena, ukavaa sare yako iliyopumzika vizuri kuliko wewe. Jioni ukaivua, ukaikunja, ukarudi kwangu. Na kila asubuhi kabla hujatoka nilikushika bega nikakuambia: wewe ni wa Migosi, mama yako ni Beti, usiulize sana usije ukaulizwa. Nilikuambia hivyo kama mama wengine wanavyosali na watoto wao.

Sasa ile siku ya wazazi, ukiwa darasa la nne. Shangazi alipangiwa zamu kazini, hakuweza kwenda. Nilikuwa nimekusikia ukikariri shairi wiki nzima, na moyo wangu ulikataa kukosa. Nikaoga, nikavaa ile nguo ya kijani, nikajisugua ndimu mpaka ngozi ikawasha, nikaenda. Nilikaa viti vya nyuma. Ulipopanda jukwaani ulikuwa unatazama upande wangu lakini hukuonyesha kunijua, nikajiambia, huyu mtoto amefunzwa akafunzika. Nilijivunia hilo. Hebu fikiria.

Baadaye Mwalimu Nafula akanijia, yule mama mnene wa Kibukusu, mwenye sauti ya kwaya. Wewe ulikuwa umesimama hapo kati yetu. Akaniuliza kwa upole, "Wewe ni nani yake Okoth?"

Nikasema, "Mimi ni mama fua wa kwao."

Ulitazama viatu vyako. Nami niliongea harakaharaka, nikasema nawafulia nguo tu, mama mwenyewe yuko kazini, amenituma nimwangalilie mtoto. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema basi nimfikishie mama yake salamu, na nimwambie aje shuleni, ana neno naye. Nikasema naweza kulifikisha hilo neno. Akanipiga bega kwa heshima, akasema, "Hapana mama, hii si kitu ya kutuma mtu. Nataka mwenyewe."

Nilimpa shangazi ujumbe. Akasema ataenda. Zamu zikabadilika, shule ikafunga, akasahau, nami sikumkumbusha. Nitakuambia kwa nini sikumkumbusha: niliogopa wamegundua. Nilidhani neno lenyewe ni kwamba wanajua wewe si wa Migosi na wanataka kukutoa. Kwa hiyo nikafurahi shangazi aliposahau.

Mwaka uliofuata ukaanza kushuka. Wewe uliyesoma gazeti la samaki kichwa chini, ukawa wa mwisho mwisho. Kwa kuwa ulikuwa mrefu walikuweka nyuma, na ulichonakili kutoka ubaoni kilikuwa nusu, na nusu nyingine ulibuni. Nilikuita mvivu. Nilikuambia shangazi anajinyima kwa ajili yako na wewe unacheza. Siku moja nilikuambia kama ni hivyo bora urudi shule ya mabati ukae na wajinga wenzako. Neno hilo nililisema mimi, kwa mdomo huu, kuhusu watoto wa majirani zangu. Ulilia bila sauti, na hukuniambia kwamba ubao huuoni, kwa sababu hukujua kuna watu wanaouona. Na hata kama ungejua, ungemwuliza nani? Nilikuwa nimekukataza kuuliza.

Unajua tulivyookoka. Hatukuokolewa Migosi. Tuliokolewa hapa hapa Obunga, pale kwenye uwanja wa kanisa, siku walipokuja wale watu wa kupima macho bure. Wengi tulisimama mbali na foleni, tukiogopa kuambiwa kitu cha kununua. Ndipo yule dada aliyekuwa anapima akatoka nje, akavua koti lake jeupe kwa joto, akatuambia kwa Kiswahili cha huku kwetu, "Mbona mnaniogopa? Mimi nimezaliwa Nyalenda, kule chini kwa maji. Nyumba yetu ilikuwa inaingia maji kila mvua. Kujeni tu."

Okoth, sijui kama ulikuwa mkubwa wa kutosha kuona kilichotokea. Foleni ilijaa. Wanawake ambao hawajawahi kumwuliza daktari swali walianza kuuliza maswali mpaka yasiyo ya macho. Mama mmoja aliuliza habari za mguu. Na mimi, ambaye nilikuwa nimetumia miaka yote hiyo kuifuta Obunga kwenye viatu vyako, nilisimama pale nikimtazama mtu aliyesoma, anayevaa koti jeupe, akitaja Nyalenda, mtaa kama wetu, kama mtu anavyotaja jina la baba yake. Sikuwa nimejua inawezekana.

Walipokuvisha miwani ya kujaribia ulitoka nje ukasimama, ukatazama mbali kule milimani. Ukasema, "Mama, kumbe Riat iko na manyumba." Watu wakacheka. Mimi nilizunguka nyuma ya kanisa, nikakaa juu ya tofali, nikalia mpaka kanga ikalowa.

Siku ile ile nilikisia neno la Mwalimu Nafula lilikuwa nini. Lakini kukisia si kujua, na mtu anaweza kujificha ndani ya kukisia kwa miaka mingi. Mimi nilijificha humo mpaka mwezi uliopita.

Hili hulijui. Mwezi uliopita, siku chache baada ya sisi kupata habari za nafasi yako ya chuo, mama mmoja alikuja kibandani kwangu kununua samaki. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, lakini alipoitikia salamu nilijua ile sauti ya kwaya. Alistaafu, anakaa huko Migosi bado, na aliambiwa samaki wangu ni wazuri. Hakunikumbuka. Nilimfungia samaki wake nikamwuliza kama aliwahi kumfundisha mtoto fulani, Okoth, mrefu, wa shairi. Akafikiri, akasema ndiyo, yule mtoto asiyeona ubao. Alisema alimhamisha mbele mara mbili, mtoto mwenyewe akawa anarudi nyuma kimyakimya, kama hataki kuonekana. Alimwita mama yake amwambie ampeleke hospitali.

"Lakini mama yake hakukuja," akasema.

Nikamwambia, "Alikuja, mwalimu. Ni mimi."

Samaki walikuwa wanaungua kwenye karai na hakuna kati yetu aliyewageuza. Nilitegemea anihukumu, na kwa kweli ningempa ruhusa. Badala yake akavuta benchi, akakaa, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nilikuona unalia wakati wa shairi. Mama fua gani analia hivyo? Ilifaa niulize mara ya pili." Alisema hakuuliza kwa sababu aliona aibu kunivua nguo mbele ya mtoto. Basi tukakaa pale, wanawake wawili watu wazima, tukila mgongo wazi ulioungua upande mmoja. Nikamwambia unaenda kusomea uhandisi wa maji. Alipiga makofi kama tuko shuleni. Alipoondoka akaniambia, "Siku ya kumpeleka uende wewe. Usimtume Beti."

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nangoja saa nzuri. Saa nzuri haikuja, ikaja ile simu ya juzi.

Sasa sikiliza. Mahali kama petu panakunyima vitu vingi, nami sitakudanganya kwamba umaskini ni mwalimu mzuri. Mtu akikuambia hivyo, mwulize mbona hampeleki mtoto wake huko akafundishwe. Lakini katika yote tuliyokosa, nimekuja kuona kubwa si madawati wala darubini. Tulikosa mtu wa kuuliza. Mtoto wa nyumba nyingine akitaka kujua kitu, mjomba wake amekifanya, jirani yake amekisomea. Hapa kwetu uliulizia wapi? Umesahau wale waliomaliza kabla yako? Wote waliofaulu walikwenda kwa yule kijana wa saiba, mwenye kompyuta za kulipia, awachagulie kozi, na yeye kwa kuwa kozi aliyoijua ni moja, akawajazia wote hiyo hiyo, usimamizi wa hoteli. Mtaa mzima ukawa mameneja wa hoteli, na hoteli tuliyo nayo ni ya Mama Pamela ya chapati. Tulicheka, lakini wawili kati yao wameacha masomo, na hawakuwa wajinga hata kidogo.

Wewe ulifanya tofauti, na sijui kama unajua ulifanya nini. Yule mhandisi alipokuja kukagua bomba lililopasuka hapo barabarani, ulimfuata. Nilikuona kutoka kibandani, matope magotini, miwani imefungwa kwa uzi. Baadaye uliniambia ulimwuliza mbona bomba linapita kwetu na maji hayashuki, na kwamba alisimama akakueleza hadi wenzake wakamwita garini, na kabla hajaondoka ukamwuliza alisomea nini na wapi. Swali hilo mtoto wa Migosi asingeuliza, kwa sababu kwake maji yanatoka akifungua mfereji. Ulilipata swali lako hapa. Ukifika huko ukasema wewe ni wa Migosi, mtu akakuuliza kwa nini ulichagua maji, utamjibu nini? Itabidi ubuni nusu nyingine, kama ulivyokuwa unafanya na ule ubao.

Sikuambii utangaze Obunga kama mhubiri wa sokoni. Watu wengine wakisikia jina hilo watabana mifuko yao, utawaona, na itauma. Mimi mwenyewe niliwahi kukosa kazi ya kupika katika nyumba moja nzuri, tulikuwa tumeelewana kila kitu mpaka nilipotaja ninakokaa. Kuna siku utaona bora kunyamaza, na kunyamaza ni haki yako. Ninachokuomba ni usiwe na hofu ya kuulizwa mpaka uache kuuliza. Huko maabara ukikuta chombo ambacho wenzako wanakishika kama kijiko cha nyumbani na wewe hujawahi kukiona ila kwa picha, usirudi nyuma ya darasa. Inua mkono. Sema sijawahi kukishika, nionyesheni. Wengine watacheka. Wacheke. Na pembeni yako atakuwepo mwingine wa mahali kama petu, ambaye naye hajawahi kukishika, akiomba Mungu mtu mwingine aulize.

Wajua nani ananijia akilini ninapoandika haya? Ni yule dada wa Nyalenda. Hajui hata kwamba tupo duniani. Alisema mahali alipozaliwa, basi, akaendelea na kazi yake, na wewe ukaona milima. Sikudai uwe mkombozi wa mtaa. Huo mzigo wengi wamewatwika watoto wao, wakawavunja. Nenda ukasome, uishi, upende, ununue viatu vizuri. Nikisikia umejenga Riat nitapanda kilima kuja kula kwako na sitaleta samaki.

Wewe hukunikana juzi. Nataka ulisikie hilo kutoka kwangu, kwa sababu nakujua, utasoma barua hii na kujilaumu mpaka asubuhi. Nilijikana mimi, mbele yako, ukiwa mdogo, na mtoto akimwona mama yake akijikana hujifunza kwamba kuna kitu cha kukana. Hakuna, mwanangu. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na barabara tu, na upande huu samaki wanakaangwa.

Nimeweka barua hii juu ya sanduku lako ili uione kabla hujalala. Gari linaondoka asubuhi na mapema, unajua mwenyewe saa yake. Nguo yangu nimeipiga pasi, iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukiniamsha, nitakwenda nawe hadi Eldoret, na mgongo wangu utavumilia. Usiponiamsha, nitaamka mwenyewe ukishaondoka, niwashe jiko kama siku zote, na sitakuhesabia kosa lolote, ila nitakuombea njia nzima.

Lakini ukiniamsha, ujue jambo moja. Tukifika pale langoni, kutakuwa na mtu wa kutupokea, na atanitazama, na ataniuliza mimi ni nani yako. Usiwe na wasiwasi, wala usinitafutie jibu. Safari hii ninalo.

Mama yako,
Min Okoth wa Obunga